Mjane Mwepesi na Karatasi Isiyolowa

Kabla sijawaonyesha chochote, nendeni mkanawe mikono. Kwa sabuni. Kisha mkaushe vizuri, maana kwa karatasi mkono wenye maji ni adui mkubwa kuliko mkono wenye vumbi. Wewe uliyepaka losheni, rudi ukanawe tena. Najua mmezoea kuona kwenye televisheni watu wanashika vitu vya kale kwa glovu nyeupe. Glovu ni maigizo. Ukizivaa huusikii ukingo wa karatasi, na utakapoanza kushangaa umeshaukunja. Mkono mkavu na akili iliyotulia vinatosha.

Mimi ni Natanaeli, baba yake Riziki, Mrundi niliyelelewa kambi ya wakimbizi Kigoma. Hapa Louisville nilifanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka mgongo ukakataa, na maboksi yale ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba yetu ya mtaa wa Iroquois. Lakini mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, simtajii maboksi. Namwambia nilikuwa mtu wa karatasi za kale. Nilinunua, niliuza, nilibadilishana, na zaidi ya yote nilikusanya kadi za klipa.

Majuzi kijana mmoja wa kanisani kwetu alimwambia binti yangu Riziki kwamba baba yake alipoteza uzee wake kwenye vikaratasi vya meli za wazungu. Nimesikia. Sikukasirika sana, nilikasirika kiasi cha kutosha kuandika.

Basi, kadi za klipa ni nini? Karne ya kumi na tisa, dhahabu ilipogunduliwa California, kila mtu wa New York na Boston alitaka kufika huko kabla ya jirani yake. Reli ya kuvuka nchi haikuwapo. Mizigo ilizungushwa kwenye ncha ya Amerika ya Kusini kwa meli za matanga, na zile zilizojengwa nyembamba ili zikimbie ziliitwa klipa. Wenye meli waligombania mizigo, wakachapisha kadi za kutangaza safari, kubwa kidogo kuliko kiganja changu, zenye rangi kali, jina la meli, jina la nahodha, gati iliposimama, na picha ya kumvuta mtu. Kadi ziligawiwa kwenye ofisi za wafanyabiashara. Meli ikishaondoka, kadi ilitupwa. Ndiyo maana zilizobaki ni chache, na ndiyo maana wapo watu wazima wenye pensheni wanaozitafuta kama mama anavyotafuta ufunguo wa kabati.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni mzee Walt, Mmarekani mweupe aliyekuwa na meza yake katika jumba la vitu vya kale mjini. Mimi nilikuwa na kibarua cha Jumamosi pale, kuhamisha makabati. Siku moja boksi lake likapasuka chini, karatasi zikatawanyika sakafuni, nami nikaziokota moja moja kwa ukingo bila kukunja hata moja. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, kambini. Kambini ukichana kadi ya posho, watoto wanalala njaa. Hakunielewa siku ile, ila aliniambia nirudi Jumamosi nyingine, na makabati nisiyaguse.

Kadi ya kwanza niliyoinunua kwa akili yangu mwenyewe ilikuwa ya uongo. Ilikuwa nzuri jamani, rangi ya asali, kingo zimechakaa kila upande sawasawa. Nikampelekea Walt nikitembea kama bwana harusi. Hakuitazama. Aliinusa.

"Natanaeli," akasema, "umeniletea kahawa?"

Waghushi huchovya karatasi mpya kwenye kahawa ili ionekane imezeeka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na changu kilikuwa kidonda kilichopakwa kahawa. Tangu siku hiyo siamini macho peke yake. Chukua kioo cha kukuzia. Ukikuta picha imejaa vitone vidogo vilivyojipanga mstari, hiyo imechapwa juzi. Rangi ya zamani hulala nzima, na herufi zimeikandamiza karatasi kiasi kwamba kidole kinahisi kijishimo. Kisha imulike kwa taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Karatasi ya siku hizi mara nyingi huwaka weupe wa samawati, ya zamani hukaa kimya. Na geuza nyuma kila mara, kwa sababu mbele ndipo muuzaji anapotaka utazame.

Walt alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote. "Usiiombee kadi msamaha," alikuwa akisema. "Ikiwa na shimo, sema ina shimo. Ikiwa imechanika, sema imechanika, na useme kwa sauti ileile unayotajia jina lake. Anayeitaka ataitaka." Sheria hiyo ishikeni, maana ndiyo iliyokuja kuniponza Buffalo, na ndiyo iliyoniokoa.

Watu wa kwetu hawakuniacha salama. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyetoka naye kambi moja, alinisimamisha baada ya ibada. "Natanaeli," akaniambia, "meli ndizo zilizobeba watu weusi kwa minyororo. Na wewe unazitunzia picha?" Lilikuwa swali zuri, nami nilikwenda nalo nyumbani. Nikasoma, nikamuuliza Walt, nikamrudia mzee na jibu langu. Nyingi za kadi hizi ni za meli zilizobeba unga, majembe, viatu na pombe kwenda kwa wachimba dhahabu. Lakini sidanganyi: zilikuwako klipa zilizofanya ile biashara chafu, na pesa ya bandari zile haikuwa safi. Nilijua. Nilikusanya nikiwa na macho yote mawili. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilitaka kujua vimeundwa na nani, kwa jasho la nani. Nani alipitisha kwamba mtu mweusi akikusanya kitu lazima kiwe kinyago?

Halafu nikamsomea kadi moja, neno kwa neno. Meli inaondoka mara moja. Nafasi zimekaribia kwisha. Mzigo umejaa karibu wote, wahi. Nikamweleza kwamba meli yenyewe wakati huo iliweza kukaa gatini wiki baada ya wiki ikingoja mizigo. Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Sisi wawili tulisimama miaka kambini mbele ya ubao wa majina ya wanaosafirishwa kuja Marekani. Tuliambiwa safari yenu iko karibu, uzeni vyombo. Tukauza vyombo. Baadaye tukanunua vyombo vilevile kwa jirani tuliyemuuzia, kwa bei ya juu.

"Kumbe na wenyewe walidanganywa hivyohivyo," mzee akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Hakunisumbua tena.

Sasa nije kwa Mjane Mwepesi, maana bila yeye nisingeshika kalamu. Jina la meli lilikuwa la Kiingereza, mimi ndiye niliyelifasiri hivyo, na nyumbani kwangu hakuna anayeliita vinginevyo. Ilikuwa kama mwaka 2015 au 2016, kwenye mnada wa karatasi za kale huko Columbus. Nilimkuta ndani ya boksi, chini kabisa, katikati ya lebo za mikebe. Kona moja imekatika, juu ana matundu mawili ya pini yenye kutu. Lakini picha ilikuwa nzima: mwanamke wa gauni jeusi, ameikusanya sketi kwa mkono mmoja, anatembea juu ya mawimbi bila viatu. Mkono wa pili ameuinua juu kabisa, ameshika karatasi iliyokunjwa, kama anayeiepusha na maji. Herufi za jina zilikuwa na vumbi la dhahabu.

Mwenye boksi alikuwa mtu wa lebo za chupa, kadi za meli hazikumhusu. Nikampa bahasha yangu nzima ya lebo za bia, akafurahi, akanipa Mjane. Ndiyo, lebo za bia, na mimi ni shemasi. Kazi ni kazi.

Nililala kwa Deo, rafiki yangu tuliyekua naye kambini, ambaye siku hizo alikuwa amehamia Westerville, jirani na Columbus, kwenye nyumba yenye gereji. Aliitazama kadi mezani kwake huku ameweka mikono nyuma kama nilivyomwagiza.

"Kaka," akasema, "umeendesha gari kutoka Louisville mpaka hapa kwa ajili ya kipande cha boksi?"

"Na nitaendesha mpaka Buffalo kwa ajili yake," nikamjibu.

Buffalo kulikuwa na maonyesho. Chama cha wakusanyaji, chama cha akina Walt, kilikuwa kinatoa nafasi za ukuta kwa wachache wanaochaguliwa. Walt aliwatumia picha za kadi zangu tano, katikati Mjane niliyempiga kwa simu mezani kwa Deo, na jibu likaja upesi: wamenipa ukuta. Wakasema hakuna mwanachama aliyewahi kuona kadi nyingine ya meli ile. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kutundika kitu pale, si Mrundi, si Mkongomani, si Mwafrika yeyote niliyemsikia. Niliutaka ukuta ule. Nilikuwa nikiuota nikipakia maboksi, na sitajifanya kwamba haikuwa hivyo.

Mke wangu Furaha ni Mkongomani wa Uvira. Alivuka ziwa akiwa msichana, vita vikiwa nyuma yake, na cheti chake cha shule na cha ubatizo amevifunga kiunoni ndani ya kitenge. Maji yakaingia chomboni. Alipofika upande wa Tanzania na kufungua kitenge, alikuta uji wa karatasi wenye wino. Kambini wakamtaka ushahidi kwamba alisoma. Hakuwa nao, akarudishwa kukaa darasa moja na watoto wadogo, magoti yamegusa kidevu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo kila karatasi inayoingia nyumbani kwetu Furaha huitia plastiki. Vyeti vya watoto, risiti ya friji, hata kadi ya chanjo ambayo muuguzi alitakiwa aendelee kuijaza. Muuguzi yule alijaribu kalamu zote za mfukoni.

Niliporudi kutoka Columbus nilimweka Mjane juu ya kabati, nikamwambia Furaha jambo moja tu kabla ya kwenda shifti: hii ni ya thamani, isipatwe na maji.

Siku hiyo alikuwa kanisani akizitia plastiki nyimbo za kwaya kwa mashine ya laminesheni. Mimi nikarudi kutoka kazini, nikakuta sahani yangu imefunikwa kwa kitambaa. Nikafunua nikitarajia sombe, yale majani ya muhogo. Alikuwa Mjane, anang'aa kama sakafu ya benki.

"Bon, unaona?" Furaha akasema. "Niliangalia huyu mama, anapita juu ya maji na karatasi yake mukononi. Nikasema, lakini huyu ni miye. Donc nikamuplastifia. Sasa hata maji ya namna gani ikuje, haiwezi kumufikia."

Riziki, aliyekuwa sekondari wakati huo, alikuja kuchungulia begani kwangu. "Mama, no," akasema. "No, no, no." Akafunika uso kwa mikono.

Niwaeleze jambo la kazi hapa. Ile mashine huyeyusha gundi kwa moto na kuisukuma ndani ya karatasi. Baada ya hapo plastiki na karatasi ni kitu kimoja. Ukitaka kuvitenganisha unahitaji dawa kali, na dawa ikiondoka huondoka na rangi, na lile vumbi la dhahabu litakuwa la kwanza kuaga. Kwa mkusanyaji, kadi iliyotiwa plastiki ni maiti. Wapo watakaoamkia kadi yenye tundu la risasi lakini hiyo hawataitazama.

Nilitoka nje, nikalizunguka gari letu kama mtu anayekagua matairi. Niliporudi ndani nikamwambia Furaha asante. Nawaambia nyinyi mnaocheka hapo, haikuwa unafiki. Mwanamke huyu alikuwa ameniokolea kitu changu kwa njia aliyofundishwa na maisha, na aliifanya kwa mikono safi.

Riziki ndiye aliyemweleza mama yake baadaye kwamba kwa wale watu kadi sasa imekufa. Furaha alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea kusugua mpaka nikadhani hakusikia.

"Donc bale watu banapenda karatasi yenye inaweza kufa," akasema mwishowe. "Miye napenda yenye haiwezi."

Nikampelekea Walt. Alikuwa ameanza kuugua, hatoki tena nyumbani. Aliigeuza kadi mbele, akaigeuza nyuma, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Nikangoja matusi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na mimi nikaenda kumletea maji. "Nimeishi na karatasi maisha yangu yote," akasema, "na sijawahi kuona mtu aliyeipenda moja namna hii." Kisha uso ukawa wa kazi. "Buffalo utasema nini?"

"Nitasema ilivyo."

"Basi nenda," akasema.

Tukaenda familia nzima, maana Sifa, mdogo wake Furaha, anakaa East Side kule Buffalo, na Furaha hawezi kusikia jina la mji huo asifunge mizigo. Sifa alikuwa ameshalitangazia kanisa lake lote kwamba shemeji yake ametundikwa ukutani. Siku ya ufunguzi mimi niliondoka asubuhi kwenda kutundika. Wao wangefuata mchana.

Msimamizi wa maonyesho alikuwa mama mmoja mweupe, Doreen, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilikuwa nimemwandikia mapema kuhusu plastiki, sikuficha. Ukuta wangu ulikuwa mahali pazuri, karibu na mlango. Nikatundika fremu zote tano, Mjane katikati. Doreen akaja na vile vibandiko vya maelezo ambavyo walikuwa wamevichapa wenyewe, akavibandika kimoja kimoja chini ya kila fremu. Cha Mjane kilisema, nakifasiri: "Kadi pekee ya meli hii inayojulikana kwetu. Imeharibiwa kwa kutojua, na mtu wa nyumbani mwa mmiliki. Mfano wa yale yasiyofaa kufanywa."

Nilikisoma mara ya pili. Nikamwambia kwa adabu kwamba hicho kibandiko kinamsema mke wangu.

"Hakuna jina lake hapo," Doreen akasema. "Tena itasaidia watu. Watajifunza."

Nikatoa kibandiko changu mfukoni, nilikuwa nimekiandaa Louisville kwa mwandiko wa Riziki. Kilisema: "Kona imekatika. Matundu mawili ya pini. Imetiwa plastiki na Furaha, mke wa mwenye kadi, ili isilowe. Plastiki haitoki." Nikamwambia, hii ndiyo hali ya kadi, hakuna kilichofichwa.

Akakisoma vizuri tu, sikatai. Akasema kina hadithi ndani yake, na maonyesho hayaandiki hadithi, na zaidi ya hapo kitawafanya watu wadhani jambo lile ni sawa. Kamati imeshaamua. Akaniwekea mkono begani. "Mke wako anasoma Kiingereza?" akaniuliza kwa upole.

Nikasema hapana, si cha kusoma.

"Basi hataumia," akasema.

Vijana, hapo ndipo nataka mnisikilize. Alikuwa amesema kweli. Furaha angeingia na kitenge chake kipya, angemwona Mjane wake katikati ya ukuta, angefurahi mpaka siku ya kufa kwake. Wageni wote wangesoma na kutikisa kichwa huku yeye amesimama pembeni anatabasamu, na mimi nimesimama karibu naye na ukuta wangu niliouota kwa miaka. Hakuna aliyekuwa amenikataza chochote. Walikuwa wananipa ukuta wote, wananitaka tu nimuuze mke wangu kwa lugha asiyoisoma.

Nikazitungua. Sikuanza na Mjane, nilianza na za pembeni, polepole, mikono mikavu, kama Walt alivyonifundisha. Doreen akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia ukuta ni wenu, kadi ni zangu. Akaniambia nisubiri azungumze na kamati. Nikamwambia kamati imeshaamua, nawe ndiye uliyeniambia. Misumari mitano ikabaki ukutani, na kibandiko chao chini ya msumari wa katikati, kinamsuta mtu asiyekuwapo.

Nikaenda kukaa kwenye korido, karibu na meza ya kahawa, mfuko wa fremu magotini. Wakaja. Mngewaona. Furaha mbele, Sifa ubavuni mwake, nyuma yao akina mama wa kanisa la East Side, vitenge vya sare, na kila mmoja na bakuli lake, maana kwetu huendi kwenye sherehe ya mtu mikono mitupu. Mandazi bado yana moto. Riziki nyuma kabisa, anaombea ardhi ipasuke.

"Shemeji, iko wapi?" Sifa akaniuliza. "Tuonyeshe basi, bamama hawa bote bamekuya juu yake."

Nikamwambia Furaha kila kitu. Nilikifasiri kibandiko chao neno kwa neno, pamoja na lile la kutojua, mbele ya dada yake na wale mama wote. Riziki akaninong'oneza, "Baba, stop." Sikuacha. Kama ningemfichia, ningekuwa nimefanya kazi ya kibandiko kwa mdomo wangu.

Furaha hakulia. Alikuwa na andazi mkononi, akalimaliza. "Bon," akasema. "Mutoe."

Nikamtoa Mjane kwenye fremu. Furaha akamchukua kwa vidole vyenye mafuta, akamwinua juu kabisa ya kichwa, namna ileile mwanamke wa picha alivyoinua karatasi yake, akawaambia wale mama, "Muangalie. Huyu mwenye anapita juu ya maji, ni miye. Na karatasi yangu hii, safari hii haikulowa." Halafu akampa Sifa amshike, Sifa akampa aliyefuata. Ikapita mkono kwa mkono korido nzima. Wanamgeuza, wanampapasa gauni, mmoja anamfuta mafuta ya andazi kwa ncha ya kitenge na kumpitisha mbele. Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na ndani ya ukumbi watu wakaanza kutoka kutazama kuna nini. Nao wakapewa mandazi, na wakapewa Mjane. Wazee waliokuwa wametazama kadi za klipa nyuma ya kioo tangu ujana wao wakapewa moja mkononi na mama asiyewajua, pale kwenye korido.

Doreen akaja mbio. Akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Tafadhali waambie wasiiguse."

Kabla sijafungua mdomo Furaha alikuwa ameelewa. Hilo halihitaji kusoma Kiingereza.

"Mama," akamwambia, "ya kwenu haishikwake. Hii ya kwangu inashikwaka."

Riziki, yuleyule aliyeombea ardhi ipasuke, akamfasiria kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa sauti ya watu wote kusikia. Kisha Furaha akamnyooshea kadi. Doreen aliitazama mikono yake kwanza, nadhani kwa mazoea ya kazi. Akaipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya wimbi, juu ya miguu isiyo na viatu, akafika kwenye ile karatasi iliyokunjwa akasimama hapo. Akampa mtu aliyekuwa nyuma yake, na andazi akakubali.

Alinifuata baadaye kwenye maegesho. Akasema kamati inaweza kutumia kibandiko changu, ukuta bado uko wazi. Nilimshukuru, maana haikuwa rahisi kwake kuja. Nikamwambia ukuta naomba ubaki hivyohivyo na misumari yake.

Niliporudi Louisville nilikwenda kumsimulia Walt, yuko kitandani. Aliuliza swali moja tu, kama yale mandazi yalibaki. Nilikuwa nimemletea. Hakuishi sana baada ya hapo, na sijapata mtu mwingine wa kumnusisha kadi.

Kwa hiyo yule kijana aliyesema nilipoteza uzee wangu aje naye anawe mikono. Kadi nne ziko ndani ya boksi chumbani, kila moja kwenye bahasha yake, mbali na jua. Mtazishika kwa ukingo, mtazigeuza nyuma, mtaniambia mnaona nini, nami nitawakosoa. Sina haraka, na yule anayedhani vitu vya namna hii si vya kwetu nitamfundisha mara mbili.

Mjane hayumo humo. Yuko jikoni, ameegemezwa kwenye kopo la chumvi. Watoto wa Riziki wameshammwagia uji, wamemlaza kwenye besheni la kuogea wakimwendesha kama boti, na Furaha humfuta kwa kitambaa cha vyombo na kumrudisha mahali pake. Mkifika kwake msinawe.